Shangazi, binti yangu ana vivimbe vya bluu na damu yake inaisha kila mara

Shangazi salamu sana. Naandika kutoka Busia, upande wa Uganda, na unisamehe nikiandika mengi manake hii kitu nimekaa nayo miaka tisa na sijawahi kumwambia mtu mmoja yote.

Binti yangu wa kwanza ana miaka 9. Alizaliwa na alama moja ya bluu mgongoni, kubwa kama punje ya maharage, mkunga akasema ni alama tu ya kuzaliwa itapotea. Haikupotea. Alipofika miaka miwili zikaanza kutokea zingine, moja kwenye ulimi, mbili kwenye mkono, zingine mapajani, moja chini ya kisigino cha kulia, siku moja nikajaribu kuhesabu wakati namuogesha nikafika 31 nikaacha. Ni kama mtu amechukua zambarau zile ndogo, sisi hapa tunaita jambula, akazipanga chini ya ngozi. Ni laini. Ukibonyeza na kidole inalala kabisa, ngozi inabaki imekunjamana, halafu ukiachilia unaiona pole pole inajaa tena. Hazimuumi, isipokuwa ya kisigino, hiyo akiikanyaga anaruka, ndio maana mguu huo anatembelea vidole. Anapenda netiboli sana lakini wenzake wakicheza yeye anakaa pembeni anashika masweta yao.

Sasa kilichonimaliza mimi ni damu. Akiwa na miaka minne alianza kuchoka ovyo, kutoka kwenye mlango mpaka kwenye bomba la maji anapumzika mara mbili, viganja vikawa vyeupe, akaanza kula udongo, namkamata ukutani nyuma ya jikoni anakwangua na ukucha. Kliniki ya kwanza wakasema malaria, tukatibu. Ya pili wakasema minyoo, tukatibu. Wakapima selimundu, hana. Wakasema labda vidonda vya tumbo, tukanunua dawa za vidonda vya tumbo. Mpaka leo ameongezewa damu mara nne, kila mara wanapima wingi wa damu wanakuta 4 au 5, wanaweka damu, mtoto anachangamka kama miezi mitatu hivi, anacheka, anagombana na mdogo wake, halafu naona tena viganja vinaanza kufifia na mimi tumbo langu linakata.

Na kuna kitu cha kukiri Shangazi. Hivi vivimbe nilikuwa navificha. Nikimpeleka hospitali namvalisha sweta la mikono mirefu hata kama jua linawaka, manake watu wanaangalia sana, mwalimu mmoja aliniambia nisimlete shule mpaka "hiyo kitu" iishe asije akaambukiza wenzake. Kwa hiyo madaktari wengi waliona mtoto asiye na damu tu.

Mwaka jana mama mkwe akampeleka kwa mganga nikiwa sokoni. Mganga akakata kimoja cha begani na wembe. Damu haikukata. Nilimkuta amefungwa kanga imelowa mpaka inadondosha, nikabonyeza na mkono wangu huu kwenye boda kutoka huko kijijini mpaka hospitali.

Baba yake anaendesha lori, Mombasa, Kampala mpaka Juba. Siku hizi anakaa sana safarini na simu hashiki. Alishaniambia kwao hakuna ugonjwa kama huu kwa hiyo mimi nijue nilikoutoa.

Mwezi wa pili mwaka huu tulipewa rufaa Kampala. Pale kuna daktari mmoja wa kike, mdogo tu, akasema mama naomba nimvue sweta. Nikatamani ardhi ipasuke. Akabonyeza kimoja cha mkononi, akaachilia, akatulia anakiangalia kinavyojaa, halafu akaniuliza choo chake kiko rangi gani. Baada ya miaka mitano yeye ndio wa kwanza kuniuliza! Wakamlaza wakaingiza kamera kwa mdomo na siku nyingine kwa nyuma, wakakuta vivimbe kama hivyo hivyo tumboni na kwenye utumbo mpana, na wakasema kwenye utumbo mwembamba huenda viko vingi zaidi ila ile kamera haifiki. Akaniandikia kwenye daftari jina, blu raba blebu nivasi, akasema wengine wanaita ugonjwa wa Bean. Tukapewa vidonge vya kuongeza damu, turudi baada ya miezi mitatu, kuna dawa inaitwa sirolimasi ila inapunguza kinga ya mwili, au oparesheni. Alieleza vizuri lakini mimi kichwa kilikuwa kimeshajaa, niliitikia tu ndio daktari ndio daktari.

Naomba unisaidie. Je, ni mimi nilimletea? Nikiwa na mimba yake nilikuwa nalamba mumbwa, ule udongo wenye dawa za mitishamba, kama wanawake wote wa huku. Je, vikikatwa vyote si atapona? Shemeji yangu anasema tuuze kiwanja twende India. Mdogo wake ana mwaka mmoja na miezi miwili, kila nikimuogesha namkagua kama polisi, naye atapata? Na Shangazi niambie ukweli, huyu mtoto atakufa? Usiku naamka namuwekea mkono kifuani nisikie kama moyo unapiga.

Mama Binti, Busia


SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Mama Binti, nimeisoma barua yako mara tatu. Kabla sijakujibu chochote na mimi nikiri langu, manake wewe umekiri lako.

Kabla sijaanza kuandika hapa nilikuwa nesi wadi ya watoto miaka mingi. Kuna mtoto wa kiume aliletwa usiku, mweupe kama karatasi, na mgongoni na kwenye makalio ana mabaka ya bluu. Mimi nilimtoa mama yake nje kwenye korido nikamuuliza kwa nini unampiga mtoto hivi. Yule mama alilia bila sauti, akasema sijawahi kumpiga, amezaliwa navyo. Sikumuamini. Na sikubonyeza. Ningebonyeza hata kimoja ningeona kinalala na kujaa, alama ya kipigo haifanyi hivyo. Tulimuongezea damu tukamruhusu na sikumuona tena. Kwa hiyo nikikwambia kwamba kuficha kwako na sweta sio dhambi, naongea kama mtu aliyeviona waziwazi na bado hakuelewa.

Sasa tuanze na lile la moyoni kwako. Hukumletea. Mumbwa haileti ugonjwa huu, wala kuanguka, wala mimba ya kwanza, wala macho ya mtu. Watafiti walikuja kujua 2017 kwamba chanzo ni hitilafu kwenye jeni moja inaitwa TEK, ile inayotoa maelekezo ya jinsi kuta za mishipa ya damu zinavyojengwa. Kwa wagonjwa wengi hitilafu inatokea kwenye seli moja tu mtoto akiwa bado anaumbika tumboni, seli hiyo inazaa zingine, hizo zinasambaa, na popote zilipokwenda mshipa wa vena unajengwa na ukuta dhaifu. Wewe unakaa Busia, mji wa baiskeli na boda, unaijua tyubu iliyochoka sehemu moja, ukijaza upepo panatokeza donge. Ndio hivyo. Damu inaingia pale inatuna, ukibonyeza inarudi kwenye mshipa, ukiachia inajaa. Kwa hiyo haitoki kwako wala haitoki kwa ukoo wa mume wako, na ndio maana mdogo wake kwa kawaida hayuko hatarini. Zipo familia chache sana zilizoandikwa ambazo wamepata zaidi ya mmoja, ndio sababu sikwambii haiwezekani kabisa, lakini mkague mara moja, mwambie daktari amuangalie siku mtakayokwenda, halafu umuogeshe kama mtoto. Na mwalimu umwambie kwa kinywa changu kwamba hauambukizi. Hata akiushika, hata wakigawana kikombe. Mwombe daktari akuandikie mistari miwili yenye muhuri umpelekee mkuu wa shule, mtoto arudi darasani.

Jina lile refu lina historia yake. Daktari wa Uingereza aliyeitwa Gascoyen ndiye wa kwanza kuandika kuhusu mgonjwa mwenye vivimbe vya ngozi na vya tumboni pamoja, 1860, na karibu miaka mia baadaye, 1958, Mmarekani William Bean akaupa jina hilo la raba ya bluu kwa sababu ndivyo vinavyoonekana na ndivyo vinavyoshikika. Tangu hapo duniani kote walioandikwa kwenye majarida ya madaktari ni mia chache tu. Nakwambia hivi usije ukawachukia wale wa kliniki ya kwanza na ya pili. Mtoto wa Busia asiye na damu, akili ya kila mtu inakimbilia malaria, minyoo na selimundu, na mara nyingi inakuwa hivyo kweli. Ila mtoto akishatibiwa malaria na minyoo halafu damu inarudi chini tena na tena, hapo mtu lazima ajiulize inatokea wapi. Na anayesoma hapa ambaye yuko kwenye kazi yangu ya zamani, jamani, mvueni mtoto sweta.

Sasa nisikilize hapa vizuri, hata ukisahau mengine yote. Vile unavyoviona sio vinavyommaliza. Vya kwenye ngozi vinatisha macho lakini visipokatwa kwa kawaida havivuji. Vinavyovuja ni vya utumboni, na vingi vinakaa utumbo mwembamba, vinavuja kidogo kidogo kila siku, hata choo kinaweza kionekane cha kawaida kabisa, na mwili unatumia madini yake ya chuma kutengeneza damu nyingine mpaka yanaisha. Ule udongo aliokuwa anakwangua ukutani ni mwili uliokaukiwa chuma, watoto wengi wakiishiwa wanafanya hivyo, usimchape kwa ajili ya hiyo. Kwa hiyo acha kuhesabu vivimbe. Hesabu damu.

Nunua daftari jipya, lisiwe lile la matibabu ambalo kila nesi anaandika, hili ni lako. Kila wiki nne mpeleke apimwe damu tu, kipimo cha kidole, hata kituo cha afya cha karibu wanaweza, andika tarehe na namba. Mtoto wa umri wake anatakiwa awe kwenye 11.5 na kuendelea. Wewe ulikuwa unasubiri mpaka viganja vififie, na viganja vikifika hapo kashakuwa kwenye 5. Ukiona namba imetoka 10 ikaja 9 ikaja 8, rudi hospitali wakati anatembea mwenyewe, usingoje kumbeba. Halafu na lingine ambalo watu wa huku tunalijua, shule zikifungwa damu kwenye benki inapungua kwa sababu wachangiaji wengi ni wanafunzi, kwa hiyo kabla ya likizo za mwezi wa tano, wa nane na za Desemba hakikisha namba yake iko juu na uwe na ndugu wawili watatu walioko tayari kuchangia. Na damu ya benki ya serikali haiuzwi, mtu akikuomba hela ya chupa ya damu muulize inaandikwa kwenye risiti gani.

Vidonge vya chuma ndio uti wa mgongo wa matibabu yake kwa sasa hata kama vinaonekana vitu vidogo. Mpe kwa dozi aliyoandikiwa kulingana na kilo zake, usiongeze mwenyewe ukidhani utaharakisha. Mpe tumbo likiwa halijajaa, na juisi ya chungwa au pasheni, asinywe na chai wala maziwa, chai inazuia chuma kuingia mwilini, na najua asubuhi kwenu ni chai, basi dozi iwe mchana. Mukene (dagaa), maini, maharage, dodo ile mboga ya majani, vyote vizuri, lakini chakula peke yake hakiwezi kulipa deni la utumbo unaovuja. Vidonge vikishindwa kwenda na kasi ya kuvuja kuna chuma cha kuingiza kwenye mshipa kwa dripu, uliza hicho, wazazi wengi hawajui kama kipo na wanaendelea kungoja damu ya chupa.

Lile swali la choo alilouliza daktari sasa ni lako, kila siku. Tatizo ni kwamba vidonge vya chuma vyenyewe vinakifanya choo kiwe cheusi na utachanganyikiwa. Cha vidonge ni kijani kilichokoza karibu na nyeusi, kina umbo lake la kawaida. Cha damu ni kama lami, kinang'aa, kinanata kwenye shimo hata ukimwaga maji, na kina harufu mbaya ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Ukiona cha lami, hospitali siku hiyo hiyo. Na kuna hali nyingine sitaki ikukute hujaijua, kivimbe kinaweza kuuvuta utumbo ukajiingiza ndani ya utumbo mwenzake. Mtoto anashikwa na tumbo la kukata linakuja na kuondoka, anajikunja, anatapika, pengine matapishi ya kijani, tumbo linajaa, pengine anatoa damu kama jeli. Hiyo haingojei asubuhi na haingojei baba apige simu, amka hata saa nane za usiku utafute usafiri. Ukifika usiseme anaumwa tumbo tu, sema ana ugonjwa wa vivimbe vya mishipa mpaka kwenye utumbo, fungua daftari waone jina. Vivyo hivyo akianguka na degedege au mkono au mguu ukikosa nguvu ghafla, manake vivimbe hivi mara chache vinaota hata kwenye ubongo.

Dawa za maumivu, hapa nina hasira kidogo, sio na wewe. Kwenye kila duka la dawa mtoto akisema anaumwa anapewa diklofenaki au ibuprofeni kama pipi. Huyu wako asipewe kabisa, wala aspirini, zinachubua tumbo na aspirini inazuia damu kuganda, kwa mtu anayevuja ndani ni kumwaga mafuta ya taa kwenye moto. Akiumwa kichwa au homa, panadoli kwa kipimo chake. Iandike kwenye jalada la daftari kwa herufi kubwa, na shuleni wajue.

Kuhusu kukata. Umeshaona mwenyewe wembe ulifanya nini kwenye bega moja. Vya kwenye ngozi vinaachwa, labda kile kinachomzuia kutembea au kinachovuja, na hicho kinashughulikiwa na daktari wa upasuaji. Kuvikata vyote vya nje hakumponyi kwa sababu vya ndani viko palepale. Vya ndani ni habari nyingine. Kupitia kamera wanaweza kuvifunga au kuvichoma vile vinavyofikika. Kwa utumbo mwembamba kuna kamera ndogo ya kumeza kama kidonge kikubwa inayopiga picha inavyopita, na ipo oparesheni ya kufungua tumbo na kutoa kimoja kimoja. Boston, Marekani, 2005 waliandika kuhusu wagonjwa 10 waliofanyiwa hivyo, mmoja walimtoa vivimbe 557, na tisa kati ya hao kumi damu haikurudi kuvuja kwa miaka waliyofuatiliwa. Mikono ya kufanya kazi hiyo ni michache duniani, ni saa nyingi mezani, kwa hiyo siku hizi madaktari wengi wanaanza na dawa.

Na dawa yenyewe ni hiyo sirolimasi uliyoitikia ndio daktari. Imetokana na vijidudu vya kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya bahari huko mbali, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kwa waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae figo ya mwingine. Baadaye ikaonekana inatuliza ile njia ambayo seli zenye hitilafu ya TEK zinatumia kukua. 2012 madaktari waliandika habari za mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa huu kupewa dawa hiyo, mtoto wa kike wa miaka 8, damu ikaacha kuvuja na vivimbe vikapungua. Mtoto wa miaka 8 mwanangu, karibu sawa na wako. Tangu hapo wengine wengi wamepewa na wengi wameacha kuongezewa damu. Sio kwamba inafuta ugonjwa, vivimbe vinanywea, kuvuja kunapungua au kunakata, ikisimamishwa vinaweza kurudi.

Ila daktari hakukutisha bure kuhusu kinga. Kabla hajaanza lazima apimwe kifua kikuu, chanjo zake ziangaliwe kwanza manake akishaanza kuna chanjo ambazo hawezi kupewa, na akipata homa huwezi tena kukaa nyumbani siku tatu ukimpa maji, unampeleka siku ya kwanza. Vidonda vya mdomoni vinaweza kutokea. Wanatakiwa kupima kiwango cha dawa kwenye damu kila baada ya muda, na mafuta ya damu pia. Balungi aache kula, linapandisha dawa mwilini, na mtu yeyote akitaka kumpa dawa nyingine, ya kifua kikuu au ya fangasi kwa mfano, mwambie kwanza yuko kwenye sirolimasi. Kwa sababu hiyo usikubali mtu akuuzie vidonge hivyo kwa simu au kwenye basi.

Kiwanja usikiuze. Bado. Shemeji yako anakupenda lakini India sio dawa, India ni mahali, na dawa iliyo mbele yako ni kidonge, sio lazima kiliwe Delhi. Figo ya kwanza kupandikizwa Mulago, hospitali kuu ya Kampala, ilikuwa Desemba 2023, maana yake madaktari wanaojua kusimamia dawa za namna hii wapo Kampala. Mkirudi miezi mitatu ikitimia, safari hii usiitikie tu. Muulize yule daktari: dawa itapatikana wapi na kwa bei gani kwa mwezi, kipimo cha kiwango chake kinafanyika wapi, akianza tutajua baada ya muda gani kama inamsaidia, na ikishindikana ni daktari gani wa upasuaji wa watoto ataangalia tumbo. Uandike majibu palepale, mwombe aende pole pole, yule aliyetulia akangoja kivimbe kijae hatakosa subira ya kukuelezea mara ya pili. Baada ya majibu hayo ndio mkae na shemeji mzungumze habari za kiwanja mkiwa na namba mkononi.

Atakufa? Sikufichi. Watoto wenye ugonjwa huu wanaweza kufa, kwa kutokwa damu nyingi ghafla au utumbo kujifunga na watu wakachelewa. Lakini wengi wanakua, wanasoma, wanakuwa watu wazima, wanaishi nao kama mtu anavyoishi na pumu. Wako ameongezewa damu mara nne akiwa hana jina la ugonjwa, hana dawa, na amevaa sweta. Sasa jina analo. Mkono wako kifuani usiku uuache kama unakutuliza, mimi sitakukataza, ila moyo wake utaujua zaidi kwa ile namba ya kwenye daftari.

Baba yake akirudi safari usianze na maneno. Mpe chakula, ale, halafu muite binti, ushike kidole cha baba yake mwenyewe akibonyeze kile kivimbe cha mkononi na akione kinavyojaa, nina hakika hajawahi kukigusa. Hapo ndipo umwambie seli moja, tumboni, hakuna aliyeileta. Mama mkwe naye awepo kama unaweza. Alitaka kumsaidia mjukuu wake, alikosea, umueleze kwamba wembe tena ni damu yote kuisha, na umpe kazi, yeye ndiye awe wa kusimamia chungwa na kidonge cha mchana.

Nimebakiza kisigino. Hicho muulize daktari kama kinaweza kutolewa peke yake, lakini kwa sasa mpeleke kwa fundi wa lugabire, zile ndala za matairi, pale sokoni. Kanyagisha mguu wake kwenye karatasi, weka alama ya wino pale kivimbe kilipo, fundi aweke tabaka la sponji nene juu ya soli na akate tundu kwenye sponji palepale kwenye alama, uzito ukae pembeni yake. Ajaribu kusimama kisigino chote chini. Halafu umuulize mwalimu wa netiboli kama kuna nafasi ya golikipa, manake hiyo haikimbii uwanja mzima.